Arlys Tennant, mfuatiliaji wa kulungu katika msitu ulioungua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Arlys Tennant amekaa juu ya gogo lililoungua, suruali imemjaa masizi hadi magotini. Kando yake yupo Verl Haugen, mzee wa miaka sabini na minne aliyestaafu kutoka kiwanda cha mbao, bunduki mapajani. Arlys ananyoosha kidole bondeni, kwenye kipande cha msitu wa kijani ambacho moto ulikiruka.

"Tulia hapo hapo," ananong'ona. "Leo wao ndio watakaotufuata sisi."

Arlys ana miaka sitini na miwili. Ni mwongozaji wa wawindaji katika milima ya Okanogan, jimbo la Washington, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Wanachowinda ni kulungu wa huku, wale wenye masikio makubwa kama ya punda. Kwa siku tano mteja hulipa dola elfu tatu, chakula, hema na farasi vikiwamo.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Agosti, moto ulishuka mlimani na kufika kwake alasiri. Aliwahi kuwafungulia farasi wake saba na kuwafukuza kuelekea mtoni. Zizi, mahema na nyumba alimozaliwa viliteketea. Farasi wote walipatikana. Mmoja, anasema, alikutwa amesimama kando ya barabara ya lami kama anayengoja basi.

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa Oktoba, wateja sita walikuwa wameshafika. Arlys akaazima mahema, akawapandisha mlimani. Wakakuta kulungu kama arobaini wamebanana kwenye kile kipande kimoja cha kijani, mbavu zinahesabika, wengine wanachechemea kwa kwato zilizoungua. Walipowaona watu hawakukimbia. Pande zote palikuwa majivu matupu.

Sheria iliruhusu kuwapiga, na vibali vilikuwapo. Arlys aliwaambia wateja watoe risasi kwenye bunduki, safari imeishia hapo, na kila mtu atarudishiwa pesa yake.

Verl alikuwa mmoja wa wale sita. "Nikamwambia, wewe mama, hii ni halali na tumelipa," anakumbuka. "Akanijibu, 'Verl, hawa ni kama wamefungiwa zizini. Ukitaka kupiga mnyama wa zizini, nenda kwa jirani yangu, ana ng'ombe.' Nilishuka nimenuna. Miaka miwili sikumsemesha."

Wateja wanne walimfuata mwongozaji mwingine, Dell Croft, na kesho yake kila mmoja akashuka na dume lake. Tangu hapo, Dell akikutana na Arlys dukani alikuwa akimuuliza mbele ya watu kama kulungu wake wameshajua kusali. Mwaka uliofuata, kati ya wateja kumi na wanne aliozoea kuwapata, walikuja wawili.

Wengi mjini walisema kulungu wamehama moja kwa moja. Arlys hakubishana nao. Alichukua daftari na fimbo, akaanza kuutembea msitu ulioungua, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, akihesabu kinyesi na kufuata nyayo.

Aligundua kwamba kulungu walikuwa wamebadilisha ratiba tu. Kiangazi, majani mapya yanapochipua kwenye majivu, hushinda humo wakila, na majike hunenepa kuliko zamani. Theluji ikianguka hupakwepa, kwa sababu bila matawi ya kuizuia hujaa hadi kifuani, na puma, wale paka wakubwa wa milimani, huwanasa kirahisi. Oktoba hula kwenye eneo lililoungua kabla ya jua kuchomoza, kisha hurudi kulala penye miti mibichi.

"Wawindaji walikuwa wanatembea, wanakanyaga mkaa, kacha kacha," anasema. "Kulungu na masikio yale? Anakusikia ungali unafunga viatu."

Ndiyo maana leo wamekaa. Kwanza anatokea jike na watoto wawili, wamenawiri. Arlys anatikisa kichwa, na Verl haigusi bunduki. Dakika ishirini baadaye linajitokeza dume peke yake, pembe zina matawi manne kila upande, linapanda taratibu kuelekea kwenye miti. Verl anavuta pumzi. Mlio ni mmoja, na dume linaanguka pale pale.

Wakiwa wamepiga magoti kando yake, mzee anavua kofia. "Ile siku ulikuwa sahihi," anasema. "Nimechelewa kukuambia."

"Miaka minne, Verl," anajibu Arlys akinoa kisu. "Haya, shika mguu huo tuchune."

Mwaka huu ana wateja tisa. Hata hivyo kinachomkosesha raha ni mteremko wa chini, ambako kulungu hukimbilia wakati wa theluji. Moto ulimaliza vichaka vya majani machungu vinavyowalisha miezi hiyo, na vichaka hivyo havichipui haraka. Arlys hukusanya mbegu, huziotesha kwenye maboksi ya maziwa, kisha huipanda miche kwa mkono. Ameshapanda elfu moja na mia moja. Theluthi moja imeliwa na panya.

Aprili iliyopita, akiwa anachimba, lori lilisimama barabarani. Alikuwa Dell. Akashuka na sururu yake, na kitu pekee alichouliza ni mashimo yawe na kina gani. Amerudi Jumamosi sita.

Mpango wa Arlys ni kufikisha miche elfu tano. Itahitaji miaka kumi au zaidi kabla ya vichaka kurefuka kuipita theluji, na yeye atakuwa amevuka sabini.

"Wakati huo magoti hayatanipandisha mlima," anasema, akiutazama mteremko. "Na sitaki kuwapiga kulungu hao. Nataka niwaone wakila, basi. Fundi alipokuja kujenga nyumba mpya alishangaa, alitaka dirisha la jikoni litazame barabara. Nikamwambia, hapana, liweke litazame mteremko ule."