Kifuniko Shingoni mwa Mjukuu Wangu

Simu ya video ilitarajiwa saa nne asubuhi. Mama mmoja mzee huko ng'ambo alihitaji msichana wa kumtunza, na binti yake alitaka kumsikia mjukuu wangu akiongea Kiingereza kabla ya kuamua. Kazi hiyo ndiyo aliyoisomea chuoni Ruiru. Akishindwa, nafasi ingepewa mwingine.

Mimi, babu yake, ndiye niliyejifanya mwalimu wake. Nilimaliza kidato cha nne, na shuleni kwetu aliyeongea Kikuyu alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake akikosea hivyo hivyo. Nilikivaa sana. Basi alipokuja kwangu Kiganjo kufanya mazoezi, nilitoboa kifuniko cha mtungi wa maziwa, nikakitia kamba. Kila akikosea, anakivaa.

Sentensi za "if" alizijua. Kilichomwangusha ni vitu vyenyewe. Sisi tunahesabu mikate na nywele, Kiingereza kinakataa. Akisema "if she wants two breads", namvisha. Akisema "if her hairs are dirty", namvisha tena. Baada ya siku chache alikuwa akifika kwenye "if", anasimama, anatazama dari, akijiuliza kama kitu kinachofuata kinahesabika.

"Guka, kwani lazima nivae?" aliniuliza.

"Hivyo ndivyo nilivyofunzwa."

"Na Kiingereza ulikijua?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku ilipofika, aliegemeza simu kwenye mkebe wa majani chai. Kifuniko kilikuwa kimening'inia msumarini, juu tu ya simu. Sikukiondoa. Nilikaa kitandani, mahali ambapo yule mwanamke hangeniona, ila mjukuu wangu angeniona.

Mwanamke aliuliza angefanya nini kama mama yake angekataa kula.

"If she refuses..." akaanza, akanyamaza. Macho yake yalitoka kwenye simu, yakaenda msumarini, yakaja kwangu.

Mwanamke akauliza kama bado yuko. Mjukuu wangu akafungua mdomo, akaufunga. Nilijaribu kumsaidia kwa midomo bila sauti, na nikaona jinsi alivyozidi kuogopa. Aliniogopa mimi. Nilisimama, nikatoa kifuniko msumarini, nikakitia mfukoni, nikatoka na kurudisha mlango polepole.

Nje, jirani alikuwa anafua.

"Mzee, umefukuzwa darasani?"

"Ndiyo."

"Heri. Huyo mtoto ulikuwa umemfanya ng'ombe wa kengele."

Nilikuwa nasikiliza mlangoni. Kimya. Kisha sauti yake, kwanza ndogo, halafu ikashika kasi. Alisema angempikia "two soups". Mkono wangu ukakikamata kile kifuniko mfukoni, lakini yeye hakusimama. Alisimulia kuhusu nyanya yake, mke wangu, alivyokataa uji katika ugonjwa wake, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akionja kwanza kutoka kikombe hicho hicho, wakipokezana mpaka uishe. Mimi nilikuwa katika nyumba hiyo siku hizo zote. Sikuwahi kujua.

Alipotoka, alikuwa amelowa jasho.

"Atapiga tena kesho. Mama mwenyewe anataka kuniongelesha."

"Nimesikia ukisema..."

"Kesho, Guka, ukae kwa jirani."

Kesho yake nilikaa kwa jirani tangu mapema, nikimshikia mashuka akiyakamua, wala sikusikia neno. Mjukuu wangu alikuja akasimama kwenye kamba ya nguo.

"Wamenichukua," akasema. Jirani alimkumbatia kwa mikono yenye sabuni. Mimi nilimpa mkono.

Sasa yuko huko, na hunipigia simu Jumapili nikishatoka kanisani. Tunaongea Kikuyu, Kiswahili kidogo. Wakati mwingine yule mama mzee humwita akiwa bado anaongea nami. Mjukuu wangu huniambia, "Ngoja kidogo, Guka," kisha hufunika simu kwa mkono kabla ya kumjibu kwa Kiingereza.