Karatasi ya Viti

Baba mdogo alikuja hospitalini na karatasi ya kilio, yaani ya matanga. Sisemi uongo. Baba alikuwa na wiki ya tatu kitandani, kiharusi kimempiga kwenye shina la ubongo, hakuna kiungo kinachosogea, na huyu mdogo wake amekaa karibu na kichwa chake anaandika nani ataleta viti, nani ataleta turubai, nani atasonga bukari, ugali wetu. Kwetu Lubumbashi kilio ni kazi ya ukoo mzima, watu huanza kujipanga mapema. Lakini si masikioni mwa mwenyewe, jamani.

"Mukubwa haiko tena," akaniambia. "Kesho tunamupeleka Mitwaba, apumzike kwabo."

Hasira zikanipanda, ila hata mimi nilishaanza kukata tamaa. Barabara ile ndefu ya kwenda kwetu, bila mpira wa puani wa kumlishia, ingemmaliza njiani. Nikageuka nimtazame baba kwa mara ya mwisho mwisho hivi. Macho yake yalikuwa yanapanda na kushuka, mbio mbio.

Nikamwita muuguzi. Akainama. "Papa, kama unatusikia, angalia juu mara mbili."

Mara mbili. Wiki tatu alikuwa humo ndani, mzima, anatusikiliza upumbavu wetu.

Muuguzi akaandika herufi kwenye kipande cha kartoni. Nikapitisha kidole, kikifika kwenye anayoitaka, baba anainua macho. S. I. E. N. D. I. Baba mdogo akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Daktari hakutudanganya: wengi hubaki hivyo, wengine hurudisha nguvu kidogo kidogo, na mazoezi ya mapema husaidia. Hicho kidogo tukakipokea kwa mikono miwili. Leo ni miezi tisa, tuko nyumbani Kasungami, hapa hapa Lubumbashi. Baba anasogeza kidole gumba, anameza uji mzito. Kusema bado. Mimi nimeshusha pumzi, nalala usingizi.

Kila Jumapili baba mdogo anakuja kumlisha mwenyewe, na najua ni aibu inayomleta. Juzi baba alifunga mdomo, akakodolea kartoni macho. Baba mdogo akapitisha kidole, akisoma kwa sauti herufi moja moja, mpaka maneno yakatimia: VITI IKO WAPI.

Akaweka bakuli chini. Akacheka, akalia, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akachukua tena kijiko, na baba akafungua mdomo.