Siku Matarumbeta Yalipoitwa Bomani

Kwetu Nkoaranga, Mkristo hakushushwa kaburini kabla matarumbeta ya kanisa hayajampigia. Baba yangu mwenyewe aliwapigia wengi, na siku zake za mwisho aliniomba jambo moja tu: asizikwe kimyakimya.

Akafariki wiki ambayo Gavana alikuwa anakuja Arusha. Asubuhi ya maziko lori la serikali likaja kuchukua bendi yote, na kiongozi wa bendi alikuwa mume wangu. Nilisimama mbele ya lori nikamuuliza watu wote wakisikia, "Wewe ni mkwe wa marehemu au wa Gavana?"

"Ni amri ya Bwana DC, mama watoto. Tukimpigia nyimbo mbili tu, tunarudi."

Mchana ukapita. Wingu likashuka kutoka mlimani, mvua ikaanza, na mchungaji akawa haachi kutazama saa yake. Mjomba akaninong'oneza, "Mwanangu, tumshushe. Kaburi litabomoka."

"Hashushwi mtu hapa." Nilikuwa na hasira hata machozi yaligoma. Kila ngurumo niliidhani ni lori.

Hatimaye walitokea kwenye migomba, wamelowa chapachapa, matarumbeta mabegani. Lori lilikuwa limekwama kwenye tope kule chini, wakapanda kwa miguu. Wakajipanga bila hata kutusalimia. Mume wangu akatoa ishara, wakapuliza. Ukatoka upepo mtupu na mikwaruzo miwili mitatu.

Kumbe Gavana alikuwa amechelewa. Ili watu wasitawanyike, bendi iliamriwa ipige, na kila ilipotaka kupumzika ikaamriwa tena, saa baada ya saa, juani. Midomo yao ilikuwa imevimba kama ya watu walioumwa na nyuki. Mpaka leo sijui Gavana yule alikuwa na sura gani, wala sitaki kujua.

Mume wangu akajaribu peke yake. Sauti ikapanda, ikakatika. Akajaribu tena, nikaona damu ikimtiririka kidevuni. Hakuthubutu kunitazama. Maneno yote niliyomwandalia tangu asubuhi yakanikauka mdomoni. Nikamshika mkono, nikalishusha tarumbeta.

"Inatosha, baba watoto," nikamwambia. Kisha nikamgeukia mjomba.

"Mshusheni."