Mtaro wa Vipande

Mawingu yakianza kukusanyika upande wa Mlima Elgon, mama yangu hupandisha miguu kitandani. Hangoji mvua. Nyumba yetu hapa Matisi iko bondeni, na msimu mmoja maji ya barabarani yalimwingilia chumbani akiwa peke yake, magoti yamekataa kumwinua. Nilimkuta ameshikilia ukingo wa kitanda, godoro limelowa. Tangu siku hiyo, nikisikia ngurumo nikiwa sokoni, roho yangu hutangulia nyumbani.

Kwa hiyo naibu wa chifu alipoitisha baraza na kutuambia kaunti italeta kalvati za kuvusha maji barabarani, mradi sisi tuchimbe mtaro wa kuyafikisha hapo, niliinua mkono kabla hajamaliza. Tulikubaliana kazi iende kwa vipande, kama palizi ya mahindi: kila boma lichimbe mbele ya lango lake. Ndiyo kazi tunayoijua sisi. Mtu humaliza kipande chake, akaosha jembe, akaenda zake.

Mama aliketi mlangoni kunisimamia. Kila nilipotaka kutoka shimoni alinirudisha.

"Ongeza kidogo, mama," aliniambia, maana kwetu Bungoma, tulikotoka, mzazi humwita binti yake hivyo. "Maji haina huruma."

Nikaongeza hadi shimo likanifika kiunoni.

Afisa wa barabara kutoka kaunti, dada kijana mwenye gambuti, alifika asubuhi moja mbingu zikiwa zimeshanuna. Aliomba mitungi ya maji, akaimimina mwanzo wa mtaro. Tukayafuata maji yale kama watu wanaomsindikiza bibi harusi. Yakapita kwa fundi cherehani, yakapita kwa muuza mkaa, yakafika kwetu, yakatulia. Mbele yetu kulikuwa na kipande cha mwalimu mstaafu, kimekwanguliwa tu, kwa sababu chini yake palikuwa na sakafu ya saruji aliyoimwaga langoni ili gari lake lisikwame. Mimi na mama tulikuwa tumejichimbia kisima.

Afisa alisema kwa upole kwamba hawezi kuweka kalvati mahali maji hayafiki. Lori lingekuja siku hiyo hiyo, na tusipokuwa tayari lingepelekwa Kipsongo, ambako nako watu wanangoja. Saruji ivunjwe, mtaro wote uchimbwe upya kwa mteremko mmoja, au tusahau. Naibu wa chifu akambembeleza mwalimu. Mwalimu alitazama lango lake, akatazama na gari. Nilitaka kumpigia magoti, nilitaka pia kumtukana. Nikayameza yote mawili. Mlimani kukanguruma.

Mwalimu akageuka, akaja kupiga hodi kwetu. Mama alikuwa kitandani, miguu juu. Mwalimu akamuuliza maji ya ule msimu yalifika wapi. Mama akamwonyesha mstari wa matope ukutani. Mwalimu alisimama karibu nao, ulimfika gotini.

Alipotoka nje alisema, "Nani ako na nyundo kubwa?"

Hakuna aliyeuliza tena kipande ni cha nani. Tulichimba pamoja, afisa naye ndani, tukijaza pale nilipozidisha na kushusha pale wenzangu walipopunja. Lori likaja tukiwa matope matupu. Mvua ilitukuta tukizifukia kalvati, na mimi nikatupa jembe nikakimbia nyumbani, nikiwaza tulikosea wapi safari hii.

Mama alikuwa ameikodolea macho sakafu. Ilikuwa kavu. Dirishani niliona maji ya rangi ya chai yakipita langoni kwetu bila kusimama. Kwa jirani, mwalimu alikuwa amesimama na mwavuli nyuma ya handaki lililokuwa lango lake, gari ndani, hana pa kupitia. Alikuwa akitazama kwetu.

"Mwambie mwalimu nimeteremsha miguu," mama alisema.

Nilitazama. Miguu ilikuwa bado kitandani, ameikumbatia kwa mikono yote miwili.

Nikatoka mvuani, nikamwambia mwalimu vile vile mama alivyosema.