Punje Ndani ya Buti

Simpendi mtu huyu, na nalisema mapema ili asije mtu akanilaumu huko mbele. Niliishi naye miaka kumi na moja, akaniacha, na mpaka tulipofikia siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa imepita miaka kumi na tisa mingine. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akitamka neno "nimekosea". Watu wanamwita Jicho, kwa sababu akilenga hakosi. Ukimuuliza habari za asubuhi, yeye anakupa habari za nguruwe pori.

Maisha yake si marefu kuyasimulia. Baba yake alikuwa mwindaji, akamrithisha ustadi na kiburi, na vyote viwili amevitunza vizuri. Chama cha wakulima kilimpa bunduki na kazi ya kuongoza msako kila nguruwe waliposhukia mashamba. Yeye alitangulia, wanaume sita wakamfuata, na huko porini walikaa siku tatu, nne. Akirudi alipita katikati ya soko, polepole, ili hata wauza vitunguu wainue vichwa. Hakuwa na rafiki, alikuwa na wafuasi. Shamba hana, biashara hana, na mtoto Mungu hakutujalia. Ukimnyang'anya bunduki ile hutabaki na mengi ya kusema juu yake.

Mimi ni fundi viatu. Duka ni la marehemu baba yangu: chumba kimoja, mashine ya kushonea, rafu tatu za buti na viatu vya kazi, na benchi la wateja. Kwenye kona kuna ubao ulioinamishwa ambao baba aliupigilia mawe madogo, ili mteja apande na kushuka kabla hajanunua. Kiatu kinaweza kukubembeleza sakafuni, halafu kikakung'oa kucha mlimani.

Ndoa yetu iliisha kwa sababu ya duka hili. Baba alipofariki, Jicho alitaka nilifunge nikae nyumbani nimsubiri arudi kutoka porini. Nikakataa. Akaja akanikuta na wateja, akasema kwa sauti, "Chagua. Mimi au viatu." Nikamjibu kwamba viatu angalau hutembea viwili viwili. Benchi zima likaangua kicheko, na jua halikuzama kabla sijapewa talaka yangu.

Sasa fikiria sura yangu alipoingia dukani mwaka jana, saa saba mchana, wakati watu wameenda kula. Alichagua saa hiyo makusudi. Nami nilijua kilichomleta. Katika msako uliotangulia alivaa buti za kung'aa alizonunua duka jingine, zile za kubandikwa kwa gundi, na soli moja ikabaki kwenye matope. Alirudi ameifunga buti kwa kamba ya magome ya mti, na soko zima likamwona, maana hakuacha kupita katikati.

"Nataka buti," akasema.

"Na mimi nataka salamu."

"Shikamoo, mheshimiwa fundi. Umeridhika? Nataka buti za kamba, ngumu. Kesho kutwa tunaingia."

"Mnaingia wapi?"

"Tunapita kinamasi, tunapanda majabali, tunashukia kwenye miiba upande wa pili. Siku nne. Nipe zile."

Alinyoosha kidole kwenye buti ndefu nyeusi zenye chuma mbele.

"Zile ni za wajenzi," nikamwambia. "Hicho chuma ni cha kuzuia tofali, huko porini nani atakuangushia tofali? Utazivuta kama minyororo, na zikiingia maji hazikauki mpaka mwaka mpya."

"Mimi nimeanza kuwinda wewe hujajua kutunga uzi kwenye sindano."

"Na juzi umerudi na magome mguuni."

Alinikata jicho ambalo zamani lilikuwa linaninyamazisha. Sikunyamaza. Nilishusha buti za kahawia nilizoshona mwenyewe, nikazipiga mezani mbele yake. Kama kuna kitu sikionei haya duniani ni kazi yangu, hata mbele ya adui.

"Soli imeshonwa kwa uzi wa nta, mara mbili. Haitegemei gundi. Ulimi umeunganishwa pembeni mpaka juu, maji na miiba havipati pa kuingilia. Meno ya soli yameachana, tope linadondoka lenyewe unavyotembea. Na zinapanda juu ya kifundo, jiwe likibiringika mguu haupinduki. Kamba ni hizi nene, na nyingine uweke mfukoni."

Akazigeuzageuza. "Mbona kama za kike?"

"Nguruwe hawatauliza."

"Nipe namba arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili ulivaa siku ya harusi. Mguu unapanuka na umri, na utavaa soksi nzito. Chukua arobaini na tatu."

"Nimesema arobaini na mbili. Sitaki kiatu kinachocheza. Umekuwa mwanamke wa kubisha tangu nikujue."

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba na dawa yake ya wateja wajuaji. Mteja akijifanya anajua kuliko fundi, baba aligeuka kama anatafuta kamba, akadondosha punje kavu ya mahindi ndani ya kiatu. Mwenye kuusikiliza mguu wake hafiki hatua ya tatu: "Fundi, kuna kitu humu." Baba alikitoa huku akicheka, na kuanzia hapo walizungumza kwa adabu. Mimi nimewafanyia walimu, askari, na mchungaji mmoja aliyetamka neno ambalo siwezi kuliandika.

Nikamfanyia Jicho. Tena sikuidondosha tu, niliigandisha kwa nta ndani ya buti ya kulia, chini ya kidole gumba, ncha juu. Sikufanya kwa wema. Nilitaka nimwone mwanamume huyu akiruka kwa mguu mmoja katikati ya duka alilotaka nilifunge.

Akavaa hiyo arobaini na mbili yake, akakaza kamba, akasimama. Akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Akapanda ubao, akashuka. Mimi nimeshaandaa kicheko kooni.

"Zimekaa vizuri," akasema.

"Na mguu wa kulia?"

"Nimesema zimekaa."

"Panda tena. Kanyaga kwa nguvu, kama umebeba mzigo."

Akapanda tena, akapiga mguu kwenye mawe, akashuka. Nilikuwa namtazama usoni. Nilidhani ameshagundua na anajikaza kwa ubishi tu, na ubishi wake naufahamu: huwa unamkunja shavu la kushoto. Shavu halikukunjamana.

"Husikii kitu?"

"Nasikia kelele zako."

Kile kicheko kilipotea. Nimeshika miguu ya watu kwa miaka mingi, na nimeshawaona wateja wa namna hii, ambao miguu yao imekufa ganzi. Wanataka kiatu kinachobana, kwa sababu kisichobana hawakisikii kabisa. Wengine niliwaona baadaye wakiwa na magongo.

"Vua buti," nikamwambia.

"Kwa nini? Funga, niondoke zangu."

"Vua ya kulia!"

Nikapiga magoti nikaanza kuzifungua kamba mwenyewe. Akauvuta mguu, akapiga kelele nisimguse, karibu anipige teke la kifua, lakini nilikuwa nimeshashika kisigino. Buti ikatoka. Soksi ilikuwa imelowa, na harufu ikanifikia kabla sijaivua. Chini ya kidole gumba palikuwa na kitambaa kilichokunjwa, na chini ya kitambaa kidonda chenye shimo la ukubwa wa kifungo cha shati, kingo zake nyeupe. Hicho hakikuwa cha leo wala hakikutokana na punje yangu. Punje ilikuwa imenasa kwenye soksi, na yeye alipoiona ndipo alipoelewa nilichomfanyia.

Tulitazamana. Nadhani hatujawahi kutazamana vile hata tulipokuwa mume na mke.

"Tangu lini?" nikauliza.

Akanyoosha mkono kuichukua soksi yake.

"Jicho, nakuuliza, tangu lini?"

"Tangu mvua zilizopita. Hakiumi."

"Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Ulikwenda hospitali?"

"Nilikwenda. Wakasema sukari. Wakanipa vidonge, wakasema nisitembee." Akacheka bila furaha. "Mimi, nisitembee."

"Siku nne kwenye kinamasi na kidonda hiki? Utarudi umebebwa, na mguu watakukata. Hiyo ni kama utarudi."

"Usimwambie mtu."

"Nini?"

"Mpwa wangu anaimezea mate ile bunduki. Wakijua, wananipokonya leo leo, na mimi nimekwisha, nabaki mzee wa kuota jua. Nakuomba. Nakuomba, mke wangu."

Hasira iliyonipanda hapo sijapata kuisikia tena. "Miaka kumi na tisa sina mume," nikamwambia, "leo kidonda ndiyo kimekuja kunioa?"

Na hapa niseme ukweli wote. Niliwaza nimuuzie. Mteja ametaka buti, amepewa buti, nani atanilaumu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi na livunjike. Nilimwona kichwani mwangu akipitishwa sokoni kwenye machela, na picha ile ilinifurahisha. Ilinifurahisha sana, kwa muda wa pumzi mbili. Halafu nikaziona buti zangu za kahawia kwenye miguu inayoning'inia kwenye machela ile ile, na mishono yangu yote inaonekana, na furaha ikaisha. Watu wanaweza kuita huruma wakipenda. Mimi sikusikia huruma yoyote.

"Sikuuzii," nikasema.

"Nitakwenda na za zamani."

"Najua."

Akarudisha kitambaa chake, akavaa makweche aliyokuja nayo. "Ukifungua mdomo," akasema, "sitakusamehe mpaka naingia kaburini."

"Kwani ulishanisamehe lini?"

Akaondoka akitembea wima kabisa, bila kuchechemea hata kidogo. Achechemee kwa lipi, na hasikii kitu?

Nikafunga duka mchana kweupe na kwenda kwenye ghala la chama cha wakulima. Mwenyekiti alikuwa akisimamia upimaji wa magunia. Nilimvuta pembeni nikamweleza kila kitu: punje, kitambaa, shimo, sukari. Alinisikiliza huku anakuna kidevu, na nilipomaliza akanitazama kwa jicho la mashaka.

"Fundi," akasema, "mji mzima unajua wewe na Jicho hampikiki chungu kimoja. Una hakika hii siyo hasira ya talaka?"

"Mwenyekiti," nikamjibu, "hasira ya talaka ingemuuzia buti."

Hakuniuliza tena. Alichukua watu wawili, wakaenda nyumbani kwa Jicho, wakamkuta anasafisha bunduki. Wakamwomba avue kiatu cha kulia. Akakataa. Wakamwomba mara ya pili kwa heshima, akawatukana wao, mama zao, na mimi. Basi hilo likawa jibu. Bunduki alikabidhiwa mpwa wake palepale, naye Jicho akapakiwa kwenye gari la chama kupelekwa hospitali. Nimeambiwa alinilaani njia nzima, na dereva akasema baadhi ya laana hizo alikuwa hajawahi kuzisikia.

Alilazwa wiki tano. Walimkata kidole gumba, wakauokoa mguu. Daktari alimwambia mwenyekiti kwamba kidonda kilikuwa kimeanza kutafuta mfupa, na kwamba angeingia kwenye maji machafu siku hata mbili, wangemkatia gotini. Mwenyekiti alinipigia simu kunieleza hayo. Nikamwambia asante, nikarudi kwenye mashine yangu, na sindano ikanichoma kidole mara mbili mfululizo.

Siku chache kabla hajaruhusiwa kutoka, watu wa hospitali wakaniletea kipimo cha miguu yake. Daktari alitaka viatu vya kamba, vipana, ngozi laini, visivyo na mshono ndani, na hapa mjini hakuna anayevishona ila mimi. Nikavishona. Nilivishona kwa hasira, lakini nilivishona sawasawa, na nikavipeleka mwenyewe kwa sababu mguu kama ule lazima ujaribiwe mbele ya fundi.

Nilimkuta amekaa kwenye ukuta mfupi wa ua wa hospitali, nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Amekonda. Hakukuwa na mtu aliyekuja kumchukua, wala mpwa, wala mmoja wa wale sita. Niliweka viatu mbele yake. Akavivaa, nikamkazia kamba, nikapapasa kwa kidole gumba mbele na pembeni. Safari hii hakuuvuta mguu.

Nilipoinuka ndipo aliponitazama.

"Umeniua," akasema. Hakupandisha sauti. "Ungeniacha niende, ningekufa nikiwa Jicho. Sasa niambie, mimi ni nani?"

Nikamwambia kamba azikaze hivyo hivyo kila asubuhi. Akaokota mfuko wake, akanipa mgongo, akatoka getini akitembea kwa miguu yote miwili.