Mkono Aliokula Nao Babu

Siku niliyonunua mashine ya gemu naikumbuka mpaka shati nililovaa, Osmundi mwanangu. Usicheke. Mimi huyu huyu baba yako, ambaye hata simu nafunguliwa na wajukuu, niliwahi kupanda basi la Songea kwenda kununua mashine ya gemu, wewe hujazaliwa na barabara yote ni vumbi.

Picha zako za jana zimefika. Mashine tatu, unaniuliza ununue ipi ikae sebuleni kwako hapo Kitai. Mama yako naye akavaa miwani yake akasogea, tukakaa tunabishana kama watu wanaojua, kumbe wote weupe kabisa. Mimi sijui hata moja ya hizo inavyowashwa. Lakini namna ya kuchagua naijua, kwa sababu mara ya kwanza nilichagua vibaya, na mtu wangu wa karibu nusura anipotee. Basi tafuta kiti ukae, maana unanijua, sina jibu fupi.

Baba yako mdogo Damiani unaujua mkono wake wa kulia, ule usio na vidole vitatu na gumba lake limekakamaa. Tangu mko wadogo tumewaambia alikatwa na mashine ya kumenya kahawa, na ni kweli. Ambalo hatukuwaambia ni nani aliyekuwa anazungusha mpini wa ile mashine. Alikuwa ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, yeye kumi na tisa. Msimu ule kahawa iliiva yote kwa mpigo, tukawa hoi. Damiani alikuwa anasukuma kwa vidole kahawa zilizokwama mdomoni mwa mashine, kama tulivyofanya wote siku zote, na kazi yangu ilikuwa kusimamisha mpini mpaka atoe mkono. Nikageuza shingo kumtania mtu aliyekuwa anapita njiani. Nikazungusha. Zaidi ya hapo sitaki kukueleza.

Sasa, huyo Damiani kabla ya hapo alikuwa fundi wa gemu, si mchezo. Mbinga mjini kulikuwa na kibanda nyuma ya soko, mtu unalipia unacheza, na Jumapili ukimkosa baada ya misa, mfuate huko, utamkuta vijana wamemzunguka wanamshangilia. Alipotoka hospitali akaacha kwenda. Akaacha na kwaya. Akaacha kuja hata sengu.

Sengu nyie wa siku hizi mnaisikia tu. Kwetu Wamatengo wanaume wa ukoo mzima walikula pamoja kwa babu, kila nyumba inaleta chakula chake, mikono yote sahani moja. Hapo ndipo mtu alisemwa kama kuna la kusemwa, na alipongezwa kama kuna la kupongezwa. Sasa wenzako wote wanachota kwa mkono wa kulia, wewe uingize wa kushoto? Kwetu mtoto akifanya vile alipigwa kofi. Damiani aliona aibu, akawa anakula peke yake jikoni kwa mama.

Babu, baba yake baba yangu, alivumilia kama wiki mbili. Halafu siku moja akaja mwenyewe na fimbo yake, akamshika Damiani begani, wakaondoka pamoja. Tangu siku ile Damiani akarudi sengu, akawa anakula kwa mkono wa kushoto, kichwa chini. Na siku zile zile babu naye akaanza kula kwa kushoto. Mimi nikajua ni uzee, bega limeanza.

Ule mkono mimi sikuutazama, mwanangu. Nikikaa na mdogo wangu natazama uso, natazama mlango, natazama kuku uani, popote isipokuwa pale. Pole nilimpa, ile pole ambayo hata mpita njia anaitoa. Neno la kusema mpini nilikuwa nimeushika mimi sikulitoa. Badala yake, kahawa ilipouzwa, nikamwambia nitamnunulia mashine ya gemu, yake mwenyewe, ikae nyumbani. Uso wake ulifunguka. Tangu aumie hakuwahi kuniuliza kitu, siku ile aliniuliza.

“Kweli, kaka?”

Nikasema kweli. Nikavaa shati langu la mistari la sikukuu, nikaenda Songea.

Duka lilikuwa la mama mmoja mnene, mpole. Alikuwa na mashine mbili. Moja mpya, inatumia CD, inang'aa, na kile kidude cha kushika kwa mikono miwili mnachokiita pedi, vitufe huku, vitufe huku. Nyingine ya zamani, imepauka, ya kaseti. Haikuwa na pedi. Ilikuwa na fimbo fupi imesimama juu ya kisanduku, chini ina mipira ya kung'ang'ania meza, na kitufe kiko juu ya fimbo yenyewe. Yule mama akaniuliza swali moja tu, nani atakayecheza. Nikamjibu tutacheza wote. Akaniuliza tena, wote ni akina nani? Nikamwona ananipotezea muda. Nikajibu kwa jeuri kwamba mimi sikutoka Mbinga kuja kununua makumbusho, anifungie ile mpya.

Nikwambie ukweli ambao nimeujua baadaye. Ile ya fimbo niliiona. Ilipita kichwani kwamba hii mtu anaweza kuchezea mkono mmoja. Nikalifukuza wazo lenyewe kama nzi, maana kuichukua ile kungekuwa kuutaja mkono, na mimi nilikuwa nimeapa kutoutaja.

Nyumbani nilipokewa kama mbunge. Jenereta ya baba ikawashwa mchana kweupe, luninga ikatolewa sebuleni ikawekwa barazani, vijana wa jirani wakajaa mpaka kwenye migomba. Nikampa Damiani pedi mbele ya watu wote, nikijiona kidume. Akaishika kwa kushoto, kwa kulia akaiegemeza kwenye paja, akajaribu kubonyeza na lile gumba lililokakamaa. Yule mtu wa kwenye luninga akatembea mpaka ukutani, akabaki anatembea pale pale ukutani. Damiani akajaribu tena, jasho linamtoka, halafu akampa pedi aliyekaa karibu naye.

“Chezeni nyie, mimi natazama,” akasema, na akatabasamu, Mungu wangu, lile tabasamu.

Alitazama kidogo akainuka. Kesho yake asubuhi alikwisha kuondoka na lori la ziwani, kwenda kwa mjomba wetu Mbaha. Haikupita wiki akatuma salamu kwamba harudi. Atakaa huko huko aanike usipa, wale dagaa wa ziwani, mama asimsubiri. Mama alilia. Ni mtoto wake wa mwisho, na alivyoondoka ilikuwa ni kama amefukuzwa.

Na mimi nikafanya nini? Nikakasirika. Ndiyo hivyo, mtu mzima ovyo. Nikaenda sengu kulalamika, mbele ya baba na baba wakubwa, kwamba Damiani hana shukrani, kwamba nimehangaika, nimekula vumbi mpaka Songea, nimeleta kitu cha maana kuliko vyote mle dukani, mwenzangu ananikimbia. Niliongea mpaka ugali ukapoa.

Nilipomaliza babu akaniuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza habari za shamba.

“Mimi nakula kwa mkono gani?”

Nikasema kushoto.

“Kwa nini?”

Nikajibu nadhani bega la kulia linamsumbua. Babu akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya kichwa, akauzungusha, akaushusha, akaunyoosha tena, bega zima kabisa.

“Bega langu halina neno,” akasema. “Umekula na mimi miezi mitatu.”

Basi. Akachota tonge lake kwa kushoto, akala. Baba naye, wakati huo huo, nikaona anachota kwa kushoto, na baba mkubwa vilevile, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sengu nzima ilikuwa inakula kwa kushoto, isipokuwa mimi. Miezi mitatu, Osmundi. Nililia pale pale mbele ya wazee, wala sikuona haya.

Kesho yake nikafunga ile mashine yangu ya kung'aa nikarudi Songea. Yule mama angeweza kunisimanga na ningestahili. Badala yake akatoa ile ya fimbo, akaipangusa vumbi kwa kanga yake, akanifungia. Hapo tu ndipo nikamjibu lile swali lake. Nikamwambia atakayecheza ni mdogo wangu, na vidole vyake nilivikata mimi. Alikuwa mtu wa kwanza kunisikia nikisema vile.

Halafu nikateremka ziwani. Damiani nilimkuta ufukweni anatandaza usipa kwenye chanja kwa mkono wa kushoto, haraka, kama amezaliwa nao. Aliponiona akaniamkia kwa adabu, shikamoo kaka, akaendelea na kazi. Mke wa mjomba akatuletea ugali na usipa, akatuacha. Nikanawa, nikaweka mkono wa kulia nyuma ya mgongo, nikaingiza wa kushoto. Tonge la kwanza likaniangukia kwenye suruali. La pili likafika mdomoni nusu. Damiani alikuwa ananitazama tu.

“Mpini nilikuwa nimeushika mimi,” nikamwambia. “Nilikuwa natazama pembeni. Nisamehe.”

Akanisogezea sahani karibu.

“Nilidhani ulishasahau,” akasema. “Mimi mkono nilishauzoea, kaka. Kuona umesahau ndiko kulikokuwa kunaniua.”

Hata sasa nikiandika haya roho inaniuma. Mdogo wangu alikuwa hasubiri mashine. Nilimletea kitu cha kuangalia, kumbe alitaka aangaliwe yeye.

Tulirudi wote. Ile mashine iliyopauka tukaiweka barazani, mipira yake ikang'ang'ania meza, Damiani akashika fimbo kwa kushoto na kubonyeza kwa gumba hilo hilo la kushoto. Picha zake zilikuwa vijiboksi vitupu, mtu huwezi kujua ni ndege au ni mbuzi. Siku ya kwanza aliniua mara kumi na nne, na kila akiniua anacheka mpaka anakohoa, na mama jikoni anacheka kwa kumsikia yeye. Babu aliletewa kiti atazame, akauliza hao wadudu wanaokimbia ni wa nini, akasinzia. Nakwambia sijawahi kununua kitu kizuri kama kile.

Sasa nije kwako, mwanangu. Sikukatazi kununua mashine. Wazee wenzangu watakwambia gemu ni upuuzi, mimi siwezi, mimi gemu ndiyo iliyonirudishia mdogo wangu nyumbani. Ila kesho ukifika dukani usianze kwa kuuliza ipi ni kali, ipi mpya, ipi wenzako kazini wanayo. Kabla ya kutoka nyumbani, keti kwanza sebuleni mwako uwatazame watu wako mmoja mmoja. Binti yako Neema anavaa miwani, je, maandishi ya ile mashine atayaona, au atakuwa anasema naona, naona, ili asiachwe? Mkeo anatoka kazini zahanati miguu imevimba, kuna mchezo wa kucheza naye, au umenunua kitu cha kumfukuza sebuleni? Na kama pedi ni moja na watoto ni wawili, ujue umenunua ugomvi. Ulichokwepa kukitazama nyumbani hutakiona dukani. Na kama kuna neno unadaiwa kumwambia mtu mle ndani, liseme kwa mdomo wako kabla hujamnunulia zawadi, zawadi haiwezi kulisema kwa niaba yako.

Tena baba yako mdogo Damiani anakuja kwako Krismasi, ameshaniambia, na ameshaanza kujisifu. Kwa hiyo ukiwa pale kaunta, muuzaji anakupigia kelele zake, wewe weka mkono wa kulia mfukoni, ushike pedi kwa wa kushoto, ujaribu. Watakushangaa. Waache washangae.

Mungu akulindie mikono yako yote miwili, mwanangu, na akupe macho ya kuitazama ya wenzako bila kugeuza shingo. Nyumba yako isikose kicheko. Na huyo mzee Damiani akikufunga mara kumi na nne, mvumilie, mwambie akufunge na ya kumi na tano kwa ajili yangu.