Mandazi ya Dubu

Kina mama wa ushirika wa kanisa letu la Wakenya huku ughaibuni, pale Crystal, hukaanga mandazi kana kwamba wana wa Israeli wote watapita hapo wakiwa na njaa. Kila Jumapili yanabaki, na kila Jumapili mimi, kapera wa pekee, ndiye ninayejaziwa ndoo. Mwezi wa nane mwaka juzi nikaanza kuomba ndoo mbili. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walidhani ni za wenzangu wa hospitali, nami nikawaacha wadhani hivyo, maana sikujua ningeanzia wapi kueleza kwamba anayeyala ni dubu.

Aliyeniingiza katika mambo hayo ni fundi wa mitambo wa hospitali ninakofanya kazi, huko Maplewood. Ni Mzungu wa miaka sitini na kitu, mpole, asiyependa maneno mengi. Tulizoea kula chakula cha mchana pamoja. Siku moja akaniambia kwamba huku, anayetaka kuwinda dubu anaruhusiwa kumwekea chambo: mikate, keki, chochote kitamu, mahali pamoja msituni, wiki baada ya wiki, hadi mnyama azoee. Msimu ukifunguliwa, unapanda juu ya mti na bunduki yako, unamsubiri. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Kwetu mnyama mkubwa ndiye anayekuja kula chako bila kualikwa. Yeye hakucheka. Alisema shida yake ni kwamba mikate mitamu imemwishia. Nikamwambia ninawajua akina mama fulani.

Mimi ni mtu wa kuuliza, na nilimuuliza hadi nikamchosha. Friza yake imejaa nyama. Mgongo unamuuma. Kwa nini aende kukaa juu ya mti akimngoja mnyama anayeweza kumrarua? Mara ya kwanza alisema hajui. Siku nyingine akasema kwamba mnyama asiyeweza kumdhuru mtu hawindwi, anachinjwa tu.

"Na dubu anajua kwamba mko kwenye mashindano?" nikamuuliza.

Aliweka mkate wake mezani akalifikiria swali. Alikiri kwamba dubu hajui. Lakini chambo alikitetea kwa nguvu: mnyama akitulia na kula, unapata muda wa kumwangalia, unajua kama ni jike mwenye watoto, unampiga kwa karibu na anakufa upesi. Anayempiga mnyama akikimbia kati ya miti, alisema, huyo ndiye mkatili. Niliona ana hoja. Niliona pia kwamba ni hoja inayomfaa yeye kuliko dubu.

Tulienda naye kaskazini, zaidi ya saa mbili kwa gari, tukamwaga mandazi ndani ya gogo lenye uwazi. Kamera ndogo ilifungwa kwenye mti. Wiki iliyofuata akanionyesha picha. Dubu dume, mweusi tititi, ameketi kwa makalio, ameshika andazi kwa mikono miwili na kufumba macho, kama mzee wa ukoo kwenye harusi ambayo hakutoa mchango. Nilimpenda pale pale. Kosa langu ni kwamba nilimtumia rafiki yangu mmoja wa kanisani ile picha, naye ana mke.

Jumapili iliyofuata mama anayesimamia jikoni aliniita kwa kidole.

"Kijana, kuja hapa. Ni ukweli unapelekea dubu mandazi yetu?"

"Ni kweli, mama."

"Si tuliyaombea hayo mandazi!"

Mwenzake aliyekuwa akiosha vikombe akageuka. "Na akishashiba, mnamfanya nini?"

Nikasema ukweli.

"Yaani mnamkaribisha," akasema yule mama, polepole, "mnamlisha mwezi mzima kama mgeni, halafu mnam-shoot akiwa kwa meza?"

"Hata Yuda alianza kwa kula pamoja," akadakia mwenzake, na wote wakaangua kicheko isipokuwa mama wa jikoni. Siku hiyo nilirudi nyumbani na ndoo tupu. Nilikasirika, maana ni hao hao ambao kila mahafali huagiza mbuzi wawili kutoka shambani na hakuna anayeuliza mbuzi aliambiwa nini. Lakini swali la mgeni niliondoka nalo.

Nikampigia baba. Baba yangu ana haki ya kusema juu ya wanyama wakali kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwetu ni chini ya msitu wa Mlima Kenya, na nilipokuwa darasa la pili nyati alimvunja nyonga. Alikuwa ameenda kutafuta mtamba aliyepotea. Nyati alikuwa na waya shingoni na kidonda kilichooza, kwa sababu kuna mtu alimtega, na nyati alipokata mtego akamwacha aondoke hivyo hivyo. Tangu hapo baba anatembea kwa fimbo, ameinama upande mmoja. Utoto wangu wote tulimchukia mtu huyo tusiyemjua. Mama kila jioni katika sala alimwomba Mungu amguse mtu yule, na haikuwa wazi anataka aguswe vipi. Baba alikuwa akiitikia amina kwa sauti ya chini.

Nilipomweleza habari za dubu, hakujali mandazi wala Yuda. Aliuliza jambo moja tu.

"Mwenzako akimpiga asimuue, nani atamfuata?"

Nikampelekea fundi swali hilo. "Aliyempiga," akajibu. "Hilo halina mjadala." Nikamsimulia habari za baba, nikamwambia nitaandamana naye siku ya kuwinda, bila bunduki, nione kama halina mjadala kweli.

Msimu ulipofunguliwa tulimwaga gogoni mandazi ya mwisho niliyokuwa nimeyaweka akiba, tukakaa juu ya mti tangu saa nane mchana, nimevaa fulana ya rangi ya chungwa inayowaka ili wawindaji wengine wasinidhanie mnyama. Saa kumi na moja dubu akaja. Hakutoa sauti yoyote. Hapakuwa na kitu, kisha akawa pale, mkubwa kuliko picha. Nilitaka ale kwanza. Nilitaka pia aondoke. Alikula. Fundi akapiga, na sekunde hiyo hiyo dubu akageuka kufuata kitu alichokisikia kushoto. Akanguruma, akaingia kwenye vichaka vya kinamasi.

Tulisubiri nusu saa kama inavyotakiwa, kisha tukashuka. Kulikuwa na damu kwenye majani, damu nyeusi. Fundi aliigusa, akasema risasi imeingia nyuma mno. Hatafika mbali, au atafika mbali sana. Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mvua ikinyesha, damu itaoshwa.

Akasimama pale ukingoni mwa kinamasi.

"Tungerudi asubuhi," akasema. "Huenda atakufa mwenyewe."

Niligeuka kutazama upande wa barabara. Tulipokuwa tunakuja tulipita gari limeegeshwa kando ya barabara, na mwanamke mzee na mumewe wakishuka na vikapu kwenda kuchuma uyoga. Kinamasi kile kinaishia kwenye barabara hiyo. Fundi pia aliwaona.

"Baba yako angefanya nini?" akaniuliza.

"Baba yangu angemfuata," nikasema.

Nilisema bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Fundi akaitikia kwa kichwa, akajaza bunduki, tukaingia.

Sitajifanya shujaa. Niliogopa. Vichaka vilikuwa vimefika kifuani, maji yaliingia viatuni, na kazi yangu ilikuwa kutafuta damu, tone hapa, tone pale, ili yeye macho yake yabaki mbele. Kila nilipoinama nilijua kwamba sioni kilicho mbele yangu. Nilitaka sana kujua hofu ya baba ilikuwaje asubuhi ile, na sasa nilijua, na sikufurahia kujua. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima. Kisha nikasikia pumzi, nzito, yenye maji ndani yake. Dubu alikuwa amelala chini ya mti ulioanguka, hatua kumi hivi. Alijaribu kuinuka. Aliinuka nusu, akaja upande wetu, na fundi akampiga mara ya pili, dubu akaanguka.

Fundi alipiga magoti, akalia waziwazi, nami nikamwekea mkono begani. Nilipoinama karibu na uso wa yule mnyama nilisikia harufu ya iliki ikimtoka mdomoni. Kina mama hutia nyingi kwenye mandazi. Niliwakumbuka wote, kila mmoja na mwiko wake, na nikaona aibu isiyokuwa na pa kwenda. Mvua ikaanza.

Asubuhi yake saa mbili, kwao ikiwa saa kumi jioni, nilimpigia baba. Nilimweleza yote: risasi mbaya, mawingu, wachuma uyoga, fundi akisitasita. Nilikuwa na fahari, sifichi.

"Mkamfuata?"

"Tulimfuata, baba. Aliniuliza wewe ungefanya nini. Nikamwambia ungemfuata. Ndiyo akapata nguvu."

Nilidhani simu imekatika, nikaita mara mbili.

"Niko," akasema. Akakohoa. "Mama yako ametoka kidogo, ameenda kwa jirani."

"Sawa, baba."

"Yule nyati nilimtega mimi. Ule waya ulikuwa wangu. Nilimwona akiukata, akaingia msituni na kidonda. Niliogopa kumfuata, na niliogopa kumwambia mtu, maana ningefungwa. Siku ya tatu tulikutana naye njiani."

Nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya nyumba yangu, buti bado zina matope. Nilifikiria jioni zote zile, mama akimwomba Mungu amguse mtu yule, na baba akiinama kando yake kwa ile nyonga, akiitikia amina.

"Mwambie mwenzako," akasema baba, "amenishinda."